Dizeli imezimwa ufunguo lakini resi inazidi kupanda, inazimwaje?

Mzee wa Pampu: Wakuu habari za jioni. Naendesha boza la kunyonya masalia, juzi tulikua depo fulani tunavuta petroli iliyomwagika kwenye mtaro. Ghafla injini ikaanza kupandisha resi yenyewe, dogo akazima ufunguo, haizimi, inalia tu na moshi mweusi, tukakimbia wote mpaka konrodi (chuma kinachounganisha pistoni na shafti) ikatoboa bloku ya injini. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Fundi anasema ni nozo pampu (pampu inayopeleka dizeli kwenye injini) imekwama. Ni kweli?

Fundi Dizeli: Pole sana mkuu. Kabla hujanunua nozo pampu, niambie harufu ya petroli ilikuaje pale kwenye eya klina?

Mzee wa Pampu: Kali sana, upepo ulikua unatuletea sisi.

Fundi Dizeli: Basi pampu usiilaumu. Dizeli haina plagi, inawaka kwa mgandamizo, sasa ikivuta hewa yenye mvuke wa petroli ule mvuke ndio unakua mafuta yake. Ufunguo unakata dizeli tu, gavana (kifaa cha kudhibiti resi) nayo haina la kufanya kwa sababu kinachochoma kinaingia kwa njia ya hewa. Dawa ni kuinyima hewa. Kuna valvu inafungwa kwenye bomba la hewa, karibu na manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) kadiri inavyowezekana, maana hosi ikipasuka baada ya valvu itavuta hapo hapo. Zipo za kuvuta kwa mkono na zipo zinazojifunga zenyewe resi ikizidi. Kwa kazi yako chukua inayojifunga, kwenye wingu la petroli sitaki mtu arudi kutafuta kamba ya kuvuta.

Mdau wa Usalama: Naongezea. Machi 23, 2005 kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City, Marekani, mvuke ulimwagika chini ukaifikia pikapu ya dizeli iliyoachwa inaunguruma, ikapanda resi hivyo hivyo, na inaaminika ndiyo iliyowasha lile wingu likalipuka. Walikufa watu 15, majeruhi wakafika 180. Kwahiyo ndugu yangu hiyo konrodi ni hasara ndogo mno. Boza lipaki upande upepo unakotoka, tumia hosi ndefu, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa unatambaa chini hata kama puani husikii kitu.

Mzee wa Pampu: Nimeelewa wakuu. Nikiziba kwa mkono au tambara je?

Fundi Dizeli: Usithubutu! Inavuta kwa nguvu, tambara linamezwa na mkono unaumia. Kama uko jirani kabisa na mtungi wa CO2, pulizia kwenye mdomo wa hewa, kama hauko jirani kimbia kama mlivyofanya. Na ukishaiweka valvu kwenye gari ijaribu kila kabla ya kazi, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) unaifunga valvu, lazima injini ife ndani ya sekunde chache. Isipokufa kuna sehemu inaiba hewa, mara nyingi ni ile hosi ya kupumulia ya kreki (sehemu ya chini ya injini yenye shafti na oili) imerudishwa kwenye bomba la hewa baada ya valvu. Ya kwako inaingilia wapi? Piga picha utuwekee hapa.