Anayepigwa au kuviziwa: tunahitaji sheria mpya, au hizi zilizopo hazitumiki?

Mleta mada, Dodoma: Uganda ilitunga sheria ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, Kenya 2015. Tanzania Bara hatuna sheria mahususi. Wadau, tunaihitaji?

Msaidizi wa kisheria, Chamwino: Kwa wanandoa, zilizopo zinatosha. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumchapa mwenzake. Sheria hiyo pia inairuhusu mahakama kumzuia mtu asimsumbue mwenza wake wala kujilazimisha kwake. Unapeleka maombi na kiapo, na hati ya dharura kama hali ni mbaya. Kinachoyaangusha ni viapo vya "ananinyanyasa mara kwa mara". Hakimu ashike lipi hapo? Weka tarehe, saa, mahali, alichofanya, nani aliona.

Wakili, Dodoma mjini: Mkuu, umeruka penye mwiba. Amri hiyo ya zuio inatolewa shauri la ndoa likiwa mahakamani au likishaamuliwa. Na talaka haifunguliwi bila Fomu Na. 3, hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kwa hiyo mama wa Mvumi aliyekimbia na kanga aliyovaa anaambiwa kwanza akakae benchi moja na aliyempiga.

Msaidizi wa kisheria, Chamwino: Sharti hilo ni la talaka. Afungue shauri la utengano, kisha ndani yake aombe zuio. Hata kwenye talaka, kifungu cha 101 kinasamehe baraza iwapo mdaiwa aliitwa akagoma kwa makusudi, au mazingira si ya kawaida. Ila lazima uyaeleze kwenye madai. Watu wengi hawayaandiki.

Mganga, Kongwa: Naongeza la PF3, fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha. Damu ikitoka, tiba kwanza, fomu ifuate. PF3 iliyoandikwa "amepigwa" tu haina msaada. Andika jeraha liko wapi, urefu wake, bichi au la zamani, limetokana na kitu gani. Na mshtakiwa asipoelezwa haki yake ya kutaka daktari aitwe kuhojiwa, fomu hiyo hutupwa nje kwenye rufaa.

Wakili, Dodoma mjini: Sawa. Na binti ambaye hana ndoa, anaviziwa getini hosteli na mpenzi waliyeachana? Zuio la wanandoa halimgusi.

Msaidizi wa kisheria, Chamwino: Akitukanwa na kutishwa kwa simu, kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Asifute meseji, wala asiuze simu hiyo.

Wakili, Dodoma mjini: Hiyo inaadhibu kilichokwisha tendeka. Hakimu anaweza pia kumtaka mtu aweke dhamana ya kutunza amani, lakini dhamana hiyo ni ahadi ya jumla tu. Haisemi "usikanyage hosteli hii". Ndiyo maana nasema sheria mpya, hasa kwa wasio na ndoa.

Mleta mada, Dodoma: Na mwenye amri tayari, jamaa akirudi usiku?

Msaidizi wa kisheria, Chamwino: Kukaidi amri halali ni jinai, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 124. Lakini polisi wa zamu atauliza karatasi. Nakala yenye muhuri iachwe mapema Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, pamoja na uthibitisho kwamba jamaa alikabidhiwa yake. Bila huo atasema hakuwahi kuiona.