Tupeane uzoefu: ndugu zetu wa Komoro, wanaokwenda na wanaorudi

Mjukuu_wa_Malindi: Assalam alaykum. Mimi ni Mngazija wa Unguja, yaani asili yetu ni Komoro. Babu alikuja na jahazi akiwa kijana, akasomesha madrasa mpaka nguvu zikamwisha. Mwaka 1968 Wangazija wa hapa wakaambiwa si raia, anayetaka uraia aombe. Babu akapanga foleni na wajukuu anao. Nyumbani hilo halizungumzwi sana. Wenzangu mna lipi? Msilete siasa tupu, leteni ya kwenu.

NzwaniMoja: Waalaykum salaam. Zamani mama alikuwa akisikia msiba Maore (Mayotte, kisiwa jirani kilichobaki chini ya Ufaransa), anapanda boti, anazika, anarudi. Januari 1995 Ufaransa ikaweka visa, na tangu hapo ni kwasa-kwasa, yaani vijiboti vya kuvuka kwa siri. Kaka yangu alivuka usiku kutoka upande wa Domoni, kisiwani kwetu Nzwani. Ni kilomita kama 70, kwenye boti ya kuvulia, watu wamebanana na madumu ya petroli, na nahodha hataki hata tochi iwashwe. Walikamatwa, akarudishwa Nzwani, bandari ya Mutsamudu. Hakukaa, akavuka tena. Watu humwita mkaidi. Mimi simwiti hivyo, mkewe na watoto wako kule.

Binti_Majunga: Sisi ni Sabena. Kwa wasiojua: Desemba 1976 Wakomoro waliuawa Majunga, Madagaska, na maelfu waliobaki wakarudishwa, wengi kwa ndege za shirika la Sabena la Ubelgiji. Jina likatuganda. Mama alizaliwa Majunga, Moroni, mji mkuu wa Komoro, alikuwa hajawahi kuiona. Alifika na nguo za mwilini tu. Mpaka leo pesa anazihesabu kwa Kimalagasi, na akikasirika ndiyo lugha anayogomba nayo!

Mzigo_Kkoo: Mimi Mbongo, napeleka vitunguu na nguo Moroni. Ushauri wa bure: mzigo wa nguo ufike kabla ya Agosti. Ndipo wanaporudi Jeviyeni, yaani Wakomoro wanaoishi Ufaransa, hasa wale wa Marseille, na wengi wamekuja kwa ajili ya anda, ile harusi kubwa ya Ngazija. Mtu amefanya kazi ya usafi miaka na miaka, dhahabu na karamu zinamaliza akiba yote, halafu anarudi Ulaya kuanza upya. Nilikuwa nawashangaa.

Binti_Majunga: @Mzigo_Kkoo usishangae. Bila anda, hata uwe na magorofa, kwenye baraza la mji unakaa nyuma.

Mjukuu_wa_Malindi: @NzwaniMoja pole sana. Shemeji na watoto wana makaratasi?

NzwaniMoja: Shemeji ana kadi ya ukaazi, watoto wamezaliwa kule na wanasoma. Kaka hana kitu, kwa hiyo hapiti barabara kubwa. Na hiyo kadi ya shemeji msidhani ni ya Ufaransa nzima, mwisho wake Maore. Akitaka kwenda Réunion (kisiwa kingine cha Ufaransa) au Paris, anaomba ruhusa nyingine kama mgeni. Mtoto mkubwa mwakani anamaliza shule, anataka kwenda kusoma Réunion. Mwenye ndugu huko naomba anitafute inbox.