Naomba ushauri: nguvu ya umeme inayumba kati ya kanda mbili

Jambo wakubwa na wandugu. Niko Lubumbashi, namaliza masomo ya umeme, na kazi yangu ya mwisho imekwama.

Nimejenga kwenye kompyuta mfano wa mtandao wa umeme wa kanda mbili zilizounganishwa na laini ndefu. Nikiweka hitilafu fupi, jenereta za upande mmoja zinaanza kuyumba dhidi ya zile za upande wa pili, polepole, mara 1 hivi kila sekunde 2, na myumbo unakua badala ya kutulia. Myumbo wa namna hii ndio uliovunja mtandao wa umeme wa magharibi mwa Marekani Agosti 10, 1996.

Nimeweka vidhibiti vinavyosoma mwendo wa jenereta na kurekebisha usumaku wake. Nikiviongezea nguvu, myumbo wa polepole unakufa, lakini jenereta moja inaanza kutetemeka peke yake, upesi zaidi.

Sasa nafikiria kuongeza laini ya mkondo mnyoofu (DC), kama ile yetu ya Inga–Kolwezi ya kilometa 1,700 hivi, nipandishe na kushusha nguvu yake ili izime myumbo. Ishara ya kuiongoza niitoe wapi: tofauti ya masafa (mizunguko ya mkondo kwa sekunde) kati ya kanda, ama nguvu inayopita kwenye laini ya mkondo geu (AC)? Na ishara hiyo ikichelewa njiani, nafanyaje? Aliyewahi kujaribu anisaidie, tafadhali. Ninatetea kazi mwezi ujao.