Nimepewa kozi ya hesabu kwa wanafunzi wanaokimbia hesabu, nianzie wapi?

Mkufunzi_Raskazone (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nafundisha chuo kimoja hapa Tanga mjini. Uongozi umeamua kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa uandishi wa habari, maendeleo ya jamii au utunzaji kumbukumbu, asome kozi moja ya matumizi ya hesabu: asilimia, riba, takwimu, kusoma majedwali na chati. Kazi ya kuiandaa nimeangushiwa mimi. Wanafunzi ni 180, na wengi F ya Hesabu ndiyo iliyowaleta kwenye fani hizo. Ukiandika x ubaoni darasa zima linainama kwenye simu. Kikao cha taaluma ni Jumatatu. Niweke mada zipi, na mtihani uweje? Usingizi sina.

Chumvi_ya_Pangani
Tanga na hesabu wapi na wapi mkuu? Waja leo warudi leo. Naweka kambi.

Mama_Vitumbua
Mimi la saba B, nauza vitumbua Ngamiani. Mchele ukipanda najua kitumbua nikipunguze kiasi gani mteja asinune. Nani alinifundisha? Vijana wenu tatizo si hesabu, ni kulala saa nane usiku. Wa kwangu mwenyewe ana diploma, nikimwomba anipigie faida ya wiki anatafuta chaji.

Ticha_Mstaafu
Mwalimu, usianze na mada, anza na maswali. Chukua sensa. Mwaka 2012 tulikuwa watu milioni 44.9, mwaka 2022 milioni 61.7. Ongezeko ni kama asilimia 37 kwa miaka kumi. Waulize: kwa mwaka ni ngapi? Darasa zima litagawa kwa kumi, litakujibu 3.7. Sasa waambie serikali ilitangaza 3.2, uwaache wagombane. Mpaka watambue kwamba waliozaliwa juzi nao wanazaa, ongezeko linapanda juu ya ongezeko, utakuwa umefundisha kitu ambacho kanuni ubaoni haifundishi. Na huyo wa uandishi wa habari hatakuja kuandika upuuzi gazetini.

Afrika Kusini wana somo la namna hii sekondari tangu 2006, mtoto anachagua hilo au Hisabati kamili. Linatumia bili, ramani, mikopo. Lawama zake zipo, maana ukilichagua milango ya uhandisi inafungwa. Wako hawaendi uhandisi, kwa hiyo huna cha kuogopa.

Mkufunzi_Raskazone
Shukrani mzee wangu. Takwimu zipo sura ya tano.

Mhasibu_Chumbageni
Mimi ningeanza na mikopo. Milioni moja, miezi kumi, riba asilimia 5 kwa mwezi, unarejesha laki moja ya mtaji kila mwezi. Riba ikipigwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, unalipa riba laki tano. Ikipigwa juu ya deni lililobaki tu, ni 275,000. Asilimia ni ileile, karatasi ya tangazo ni ileile. Mpe kila mwanafunzi mkataba aukokotoe, akiwa na kikokotoo na madaftari wazi. Huo ndio mtihani.

Mkufunzi_Raskazone
Riba nimeigusa sura ya nne, ila kwa kanuni.

Mdadisi_Mkavu
Samahani mkuu. Unauliza uweke mada zipi, halafu kila ukishauriwa unataja sura. Sura ya nne ya nini?

Mkufunzi_Raskazone
Pamfleti. Nilishaandaa. Kurasa 40, seti, aljebra, kanuni, maswali ya mitihani iliyopita ya kidato cha nne. Kopi 300 zipo nyumbani, nitauza 4,000 kila moja. Nilitaka tu kujua kama iko sawa. Kikao kinapenda kuona kitu mkononi, watu wa maneno matupu huwa wanarudishwa.

Ticha_Mstaafu
Kumbe. Hiyo ni Hesabu ya form two iliyovishwa kanzu. Waliofeli wakiwa na miaka kumi na saba unawarudishia jambo lilelile?

Mdadisi_Mkavu
Kurasa 40 mara kopi 300, kwa shilingi 50 ni laki sita. Mkufunzi ana laki sita ya kuchezea kabla kikao hakijakaa?

Mkufunzi_Raskazone
Nilikopa. Mtaani. Laki sita, narudisha 780,000 mwisho wa mwezi. Msinitazame hivyo, benki wangenizungusha na fomu mpaka muhula uishe.

Chumvi_ya_Pangani
KAUSHA DAMU!! Mtunzi wa sura ya riba 😂😂😂

Mhasibu_Chumbageni
Subiri kwanza. Wanafunzi 180 mara 4,000 ni 720,000. Wakinunua wote, hata mmoja asikope kwa mwenzake wala kutoa kopi, bado unadaiwa 60,000. Zile 120 zinazobaki zinangoja mwakani, na huyo jamaa hangoji mwakani. Ukimlipa riba peke yake ni 180,000 kila mwezi.

Mdadisi_Mkavu
Wakuu, hii chai, tena ya tangawizi. Mwalimu wa riba kakopa kausha damu atoe kopi za sura ya riba? Huyu ni mwanafunzi kapewa asainmenti ya kubuni kozi, anatafuta watu wa kumfanyia. Tumeshamfanyia nusu.

Mama_Vitumbua
Chai au si chai, anisaidie kwanza, huyo anayekopesha ni yule wa karibu na soko? Maana na mimi ananidai.

Ticha_Mstaafu
Kama ni mwanafunzi, mfano wa sensa autumie, aweke na jina langu.

Mkufunzi_Raskazone
Mimi si mwanafunzi na sibadilishi pamfleti sasa hivi. Riba nitaiongezea ukurasa mmoja, nitaubana kwa stepla. Halafu mhasibu umesahau, wanunuzi si 180 tu. Wenye sapu, wale wa kurudia mtihani, nao watanunua.

Mhasibu_Chumbageni
Kozi haijapitishwa, sapu umeshazipanga?