Ripoti ya mwanangu imeandika "nonsensi", naombeni ushauri

Mama Junia:
Wakuu, habari zenu. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Anaanguka sana, na akiinuka kutoka chini anajikokota kwa kushika mapaja. Majibu ya vinasaba yametoka: Duchenne, ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika misuli, badiliko la nonsensi kwenye jeni ya distrofini, protini ya misuli. Daktari alisema seli zenyewe ndizo zinaharibu maagizo ya hiyo protini. Tangu siku hiyo silali. Kama ni seli inayoharibu, hakuna dawa ya kuizuia?

Mwalimu wa Baiolojia:
Pole sana dada. Jeni yenyewe haizimwi. Kinachoharibiwa ni nakala yake, RNA mjumbe. Nakala hiyo hushonwa kutoka vipande viitwavyo eksoni; distrofini ina 79. Kila mshono, seli hubandika kifurushi cha protini herufi 20 hivi kabla yake. Ribosomu, yaani mashine ya seli inayosoma nakala na kutengeneza protini, ikisoma kwa mara ya kwanza huvibandua vyote njiani. Sasa nonsensi ni herufi moja inayogeuza neno zima kuwa UAA, UAG au UGA, yaani "ishia hapa". Ribosomu ikiishia mapema, vifurushi vya mbele vinabaki. Hapo seli inashtuka: protini ya UPF1 inaamshwa, nakala inakatwakatwa. Kikomo kikiwa kwenye eksoni ya mwisho hakuna mshono mbele, kwa hiyo nakala huponyoka.

Mama Junia:
Si bora basi iponyoke, walau apate nusu protini?

Mwalimu wa Baiolojia:
Nakuelewa, ila hapana. Angalia beta-thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi. Aliyerithi jeni moja yenye kikomo cha mapema kwa kawaida huishi bila shida kubwa, maana nakala mbovu zimefagiliwa na jeni nzima inaendelea na kazi. Lakini kikomo kikiangukia eksoni ya 3, ambayo ndiyo ya mwisho, globini (protini ya damu) fupi hutengenezwa, hujikusanya ndani ya seli, na mtu anaweza kuugua hata kwa jeni mbovu moja tu. Na distrofini hushika utando wa msuli kwa sehemu iliyo karibu na mkia wake, yaani mwisho wa protini. Ikikatika kabla ya hapo, haishiki kitu.

Baba wa Kijana:
Wa kwangu ana miaka 13, ugonjwa huohuo. Dada, usiuze kiwanja kutafuta dawa ya ataluren. Ilikusudiwa kuifanya ribosomu ipite kikomo. Umoja wa Ulaya uliipa kibali cha masharti 2014, na 2025 haukukiongeza kwa kuwa manufaa hayakuthibitika. Muulize daktari kuhusu prednisoloni (dawa ya steroidi) na mazoezi ya viungo, na moyo upimwe hata kama mtoto halalamiki. Nawe upime: kama theluthi mbili ya akina mama wa watoto hawa wamebeba badiliko lenyewe. Si kosa lako hata kidogo. Ila kama una ndugu wa kike, nao wanahitaji kujua.

Mama Junia:
Asanteni sana. Ninao wadogo zangu wawili wa kike, mmoja ana mimba ya miezi minne. Nampigia sasa hivi.