Mrejesho: Mwanangu amechagua chuo

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaomba ushauri kuhusu mwanangu wa miaka 18, mchezaji wa mpira wa kikapu, aliyepata ufadhili wa chuo kikuu Marekani na, wakati huohuo, mkataba wa klabu moja hapa Nairobi. Amechagua chuo. Kilichotuamulia ni hoja ya mmoja wenu kwamba anayetia saini mkataba wa kulipwa huhatarisha nafasi yake ya kucheza ligi za vyuo. Haukuwa uamuzi mwepesi, kwani tangu Nairobi City Thunder ishiriki Ligi ya Kikapu ya Afrika mwaka 2025, kijana anaiona ndoto yake hapahapa nyumbani. Jana nilimkuta akiukunja ule mkataba na kuuweka katika boksi la viatu vyake vya kwanza, ambavyo soli zimelika kwa saruji ya uwanja wa mtaani. Sasa tunasubiri viza.