Nyota ya kizamani kwa kwilti ya mtoto wa siku hizi, nianzie wapi?

ShangaziUmoja

Habari zenu watu wa sindano. Mke wa kakangu anajifungua Disemba na nimeamua zawadi yangu itakuwa kwilti, lile tandiko la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, maana nguo na nepi kila mtu ataleta. Napenda sana ile nyota ya pembe nane ya kizamani, ile yenye mraba katikati na ncha zimechongoka kila upande, lakini picha nyingi ninazoona zimejaa nyota ndogo ndogo ishirini na kitu na maua juu yake, mpaka jicho halijui litulie wapi. Hawa wawili nyumba yao ni nyeupe na kijivu, hawapendi vitu vya fujo, kwa hivyo nataka nyota ibaki nyota lakini kwilti ionekane ya leo.

Kushona najua, nina cherehani ya kukanyaga ya mamangu na inashona vizuri, nimeshona magauni na mapazia, ila kwilti ndiyo mara ya kwanza. Naomba mnisaidie: nyota gani, kitambaa gani (kitenge kinafaa ama?), na kile cha kuweka katikati, kati ya kitambaa cha juu na cha mgongo, mnapata wapi hapa Nairobi. Kuagiza kutoka nje siwezi.

MamaZuri_Kasarani

Karibu dada na hongera ya kuwa shangazi. Jibu langu ni moja na nitalisimamia: shona nyota MOJA, kubwa, ijaze kwilti nzima. Ukiangalia kwilti za kile kikundi cha Marekani, Modern Quilt Guild, kilichoanza Los Angeles mwaka 2009, utaona wengi wanachukua bloku (mchoro wa vipande) ile ile ya nyanya zao na kuikuza, halafu wanapunguza rangi na kuacha sehemu kubwa wazi, basi. Na kwa mtu anayeanza ni afadhali sana, kwa sababu ncha za kulinganisha ni chache na vipande ni vikubwa, unaona kazi ikiisha mbele yako.

Hiyo unayoelezea ni nyota ya meno ya msumeno. Hesabu yake kwa kwilti ya inchi 36 kwa 36 ni hii, andika mahali. Rangi ya nyota: mraba mmoja wa inchi 18½ wa katikati, na miraba minne ya 9⅞. Rangi ya kuizunguka nyota: miraba minne ya 9½ ya kona, na mraba mmoja mkubwa wa 19¼. Huo mkubwa na ile minne ya 9⅞ ndiyo inazaa ncha zote nane bila kutupa kitambaa.

Unafanya hivi. Lalisha miraba miwili midogo juu ya ule mkubwa, uso kwa uso, moja kona hii na nyingine kona ya mkabala, zitapandana kidogo pale katikati, usijali. Chora mstari kutoka kona hadi kona ukipita juu ya zote mbili, shona robo inchi upande huu wa mstari na robo inchi upande ule, halafu kata juu ya mstari wenyewe. Piga pasi ukifungua pembetatu ndogo, utapata vipande viwili vyenye umbo la kopa. Kila kopa unaiwekea mraba mdogo mmoja uliobaki kwenye ile kona moja ya mraba mkubwa ambayo haijashonewa kitu, unachora mstari kutoka hiyo kona hadi kwenye mpasuo wa kopa, unashona pande zote mbili, unakata. Hapo una vipande vinne, kila kimoja kina ncha mbili za nyota. Visawazishe viwe 9½ kwa 18½ na uhakikishe juu ya kilele cha ile pembetatu kubwa kumebaki robo inchi, ukiikata hiyo robo ncha yako italiwa na mshono. Baada ya hapo unapanga safu tatu kama mchezo wa sifuri na msalaba: kona, ncha, kona, halafu ncha, katikati, ncha, halafu kona tena.

Yadi moja ya kila rangi inatosha, na ya nyota itabakisha ya kuzungushia ukingo.

Lakini robo inchi! Sisi tuliozoea magauni mkono unaenda wenyewe kwa nusu inchi na zaidi. Kabla ya kugusa kitambaa chako kizuri, kata vipande vitatu vya matambara vya upana wa inchi moja na nusu, viunganishe ubavu kwa ubavu, piga pasi, kisha upime. Cha katikati kikiwa inchi moja kamili uko sawa. Kikizidi au kikipungua sogeza alama yako kwenye bati la mashine, mimi huweka kipande cha selotepu nene pale nishone nikiifuata.

nyuzi_tao

Mimi ningekuambia ujaribu ile nyota kubwa ya vipande vya almasi, inang'aa kutoka katikati kwenda nje rangi kwa rangi. Walakota wa Marekani hushona hizo, na kwao ni zawadi ya heshima, mtoto akizaliwa, mtu akimaliza shule, hata msibani. Walijifunza kushona kwilti karne ya 19 kutoka kwa wamishonari, na nyota ikaja kushika nafasi ya ngozi za nyati walizokuwa wakipeana. Ukitaka kumpa mtoto kitu chenye uzito, hiyo ndiyo nyota.

MamaZuri_Kasarani

@nyuzi_tao maana yake naipenda na ni kazi nzuri kupita zote, ila kwa kwilti ya kwanza mimi hapana. Zile almasi zinakatwa kwa nyuzi 45, kwa hivyo pembeni kitambaa kimekatwa mshazari na kinavutika ukikigusa tu. Ukiunganisha nane katikati, kila moja imevutika kidogo, nyota inainuka kama kofia na pasi haitailaza. Hiyo aifanye mtoto wa pili akija.

Kairu_Gikomba

Wacha niongee kuhusu kitambaa kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza pesa. Kitenge kinafaa kama ni pamba, shida ni kwamba vingi vinavyouzwa saa hii ni polista na ukivipiga pasi ya moto vinakunjamana. Usiamini lebo. Chomoa uzi mmoja pembeni, uwashe na kiberiti juu ya sinki. Pamba inaungua kwa moto unaotembea, inanuka karatasi iliyochomwa na kubaki jivu laini ambalo ukilisugua kwa vidole linapotea. Polista inajikunja ikikimbia moto, inatoa moshi mweusi na kuacha kijiwe kigumu. Muuzaji akikukataza kuchukua uzi wa kujaribu nenda kibanda kinachofuata.

Kwa rangi ya wazi isiyo na maua, shuka za mitumba za pamba ni dhahabu. Soko la Gikomba ukiingia asubuhi wakifungua bale unapata shuka nyeupe au kijivu ya vitanda vya watu wawili, imefuliwa mara nyingi imeshamaliza kurudi, laini vizuri kwa ngozi ya mtoto. Shikilia juu ya mwanga kwanza, pale katikati palipolaliwa huwa pamechakaa, kata pembeni.

Na chochote kipya, fua kabla ya kukata. Nyekundu na buluu iliyoiva zifue peke yake na uendelee mpaka maji yatoke meupe, la sivyo siku ya kwanza mtoto akicheua na kwilti ifuliwe, nyeupe yako itakuwa waridi.

Mwanaisha_SouthB

Dada shangazi, mbona hakuna aliyetaja leso? Nunua doti moja ya pamba pale Biashara Street, leso zinakuja mbili zilizoungana. Moja unaikata nyota, ile picha ya katikati ya mji (sehemu ya leso iliyo ndani ya pindo) inakaa vizuri sana kwenye ule mraba wa 18½, na nyingine inakuwa mgongo wa kwilti mzima mzima, na jina lake, yale maneno ya leso, linabaki limeandikwa nyuma. Upana wa leso ni kama sentimita 110, ambayo ni inchi 43 hivi, kwa hivyo kwa kwilti ya 36 inakutosha bila kuunga na bado unabaki na nafasi ya kusawazisha. Pindo litakatika kidogo juu na chini, jina halitaguswa ukiipima ukianzia katikati. Mbele ukiweka nyota ya leso juu ya nyeupe tupu hutapata fujo, rangi iko mahali pamoja tu. Tafuta jina la malezi, kama lile la mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Usichukue la mafumbo ya wake wenza tafadhali, soma kabla ya kulipa.

Leso ikishafuliwa inakuwa tepetepe. Itie stachi, ipige pasi ikauke ngumu, ndipo ukate. Ncha zitakaa sawa.

Sr_Njeri

Nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto, naomba mnisikilize hapa. Kwilti ni nzuri lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilale nayo kitandani. Blanketi zilizolegea, mito, madoli, vyote vitoke, mtoto alale chali juu ya godoro gumu lenye shuka iliyobana. Madaktari wa watoto wanashauri hivyo kwa sababu kitambaa kikimfunika pua hana nguvu ya kukitoa. Najua Julai Nairobi ni baridi, mvalisheni nguo moja ya ziada badala ya kumfunika.

Kwilti itandikeni chini akiwa macho na mtu yuko naye, alale kwa tumbo, ainue shingo, baadaye ajifunze kukaa. Nyota kubwa yenye rangi zinazopingana ni kitu kizuri sana kwake, watoto wachanga wanaona tofauti kali kuliko rangi zilizofifia. Na msishonee vifungo, shanga wala riboni, mtoto wa miezi sita anang'oa na kumeza. Andika hayo kwenye kadi ya zawadi, mama mpya atakushukuru.

ShangaziUmoja

Mungu awabariki, sikutarajia haya yote. Sr Njeri nitaiandika kwa kadi, na ukubwa wa 36 sasa unaeleweka, ni wa sakafuni. Nimeamua: doti ya leso ya nyeusi na nyekundu, na shuka nyeupe ya pamba kutoka Gikomba. Limebaki la katikati. Fundi wa sofa hapa mtaani ana ile padingi nyeupe, nichukue hiyo?

MamaZuri_Kasarani

Hiyo ya sofa usichukue, ni nene, cherehani ya kukanyaga itaivuta kwa shida na kwilti itafura kama godoro. Kwa ya kucheza sakafuni tafuta flaneli ya pamba nzito uiweke mara mbili, au blanketi jembamba la pamba la mitumba. Inalala chini, inakauka haraka kwa kamba, na sindano inapita bila kelele. Ifue nayo kwanza, ikirudi baada ya kushonwa itakunja kila kitu.

Kuunganisha tabaka: leso kifudifudi sakafuni, ibane pembeni na selotepu ikiwa imenyooka lakini haijavutwa, juu flaneli, juu nyota. Funga kwa pini za nepi kila upana wa kiganja ukianzia katikati kwenda nje. Wakati wa kushona, pia anzia katikati. Usichore maua. Fuata umbo la nyota kwa mistari iliyonyooka, wa kwanza robo inchi nje ya ncha, unaofuata inchi mbili mbali, na hivyo hivyo mpaka ukingoni, nyota itaonekana ikipanuka. Refusha stichi kidogo kuliko ya gauni na ulegeze mguu wa mashine kama wako una skrubu ya kulegeza, la sivyo tabaka la juu linasukumwa mbele na unapata mikunjo.

Ukingo kata vipande vinne vya inchi 2½ kutoka kwa masalio ya leso ya nyota, viunganishe kwa mshazari, kunja katikati kwa urefu, shonea mbele kwa mashine halafu pindua nyuma umalizie kwa mkono. Nyekundu ikizunguka nje na nyeupe ndani utapenda.

Mwanaisha_SouthB

Nyekundu na nyeusi! Basi hiyo nyekundu ifue kando, Kairu amesema. Na ukikata ule mraba wa katikati, geuza leso jina liwe chini unaposoma, ndio picha ya mji isimame wima.

ShangaziUmoja

Naenda tao Jumamosi asubuhi. Kairu, bale za shuka hufunguliwa saa ngapi?

Kairu_Gikomba

Mapema, saa kumi na mbili kuendelea. Ukifika saa tatu nyeupe zote zimeenda. Beba kiberiti.